Kamusi za Python: swali la kwanza ni ufunguo

Katika masomo ya mwanzo ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, somo ninaloliona lina manufaa makubwa kuliko yote ni la kamusi, yaani muundo wa data unaohifadhi vitu viwili viwili: ufunguo na thamani yake. Orodha hukutaka ujue kitu kimekaa nafasi ya ngapi, ilhali kamusi hukuuliza unakitafuta kwa kigezo gani, na kwa maoni yangu mwanafunzi anapaswa kulijibu swali hilo kabla ya kuandika mstari wowote.

Mimi hupenda kulifanyia mazoezi kwa kaunti 47 za Kenya, kwa kuwa kila moja ina namba yake rasmi:

kaunti = {"001": "Mombasa", "005": "Lamu", "042": "Kisumu", "047": "Nairobi"}

Ukiandika kaunti["005"] unapata Lamu papo hapo. Alama za nukuu hapo zina kazi yake. Python 3 haikubali namba kamili inayoandikwa 005, na hata ukiondoa sufuri ukaandika 5, huo ni ufunguo mwingine kabisa. Programu itasimama na kutoa KeyError, yaani kosa la ufunguo usiopatikana. Pale ambapo huna hakika kwamba ufunguo upo, tumia kaunti.get("048"), ambayo hurudisha None (yaani hakuna kitu) badala ya kuisimamisha programu.

Kasi ya kamusi inatokana na jinsi inavyofanya kazi ndani. Python hukokotoa namba kutokana na ufunguo, na namba hiyo ndiyo huelekeza mahali pa kutazama kwenye kumbukumbu, hivyo kwa kawaida haihitaji kupitia kipengele kimoja baada ya kingine kama inavyofanya inapotafuta kitu ndani ya orodha. Kwa kaunti 47 huwezi kuhisi tofauti, lakini kwa rekodi milioni moja utaihisi. Ndiyo sababu pia orodha haiwezi kuwa ufunguo: inaweza kubadilishwa wakati wowote, na ikibadilika, namba iliyokokotolewa mwanzo haiwezi tena kuaminika. Kuhusu mpangilio usiwe na wasiwasi, kwani tangu Python 3.7 ya mwaka 2018 kamusi hutunza vitu kwa utaratibu ulioviingiza.

Jambo linalostahili muda zaidi ni kuigeuza kamusi, yaani thamani ziwe funguo na funguo ziwe thamani. Kutoka jina kwenda namba ni rahisi, maana hakuna kaunti mbili zenye jina moja. Lakini tuseme kamusi yako inaonyesha kila kaunti ilikuwa katika mkoa gani wa zamani. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zote zilikuwa Pwani; ukiigeuza hivi hivi, kila kaunti itafuta iliyotangulia, na chini ya "Pwani" itabaki ile ya mwisho tu, tena bila onyo lolote. Hapo, katika kamusi mpya tuiitayo mikoa, thamani inabidi iwe orodha, na kila kaunti iongezwe humo kwa append; setdefault huweka kwanza orodha tupu ikiwa ufunguo bado haupo:

mikoa.setdefault("Pwani", []).append("Lamu")