Usiku wa kufuta mistari

Stima ilirudi saa nne usiku, na sikukimbilia kupasha chakula. Nilichomeka bodi yangu ndogo ya kielektroniki kwenye kompyuta, nikakodolea kioo macho. Kimya. Hata herufi moja haikutoka kwenye waya wa seriali, ule unaoleta maandishi ya bodi kwenye kompyuta.

Nikaulaumu waya. Niliununua Luthuli Avenue, na saa nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia muuzaji Jumatatu. Nisamehe, ndugu yangu. Waya wako mzima.

Wiki hii nimekuwa nikisafisha tawi langu, yaani nakala yangu, la U-Boot, programu inayoamka kabla ya mfumo endeshi wa Linux, ikaandaa memori, kisha ikaiita keneli, kiini cha Linux. (Jina hilo kwa Kijerumani ni nyambizi, na linaifaa: ikifanya kazi vizuri huioni.) Mradi unaitwa hivyo tangu 2002, na msimbo wa umri huo una mabaki ya kila mpangaji aliyewahi kupita. Zamani kila bodi ilikuwa na faili lake la .h lililojaa #define, mistari ya kuwasha chaguo na kupanga thamani zake. Mwaka 2014 wenyewe wakaanza kuhamishia chaguo hizo Kconfig, mfumo uleule wa kupangia chaguo unaotumiwa na keneli ya Linux, na kazi hiyo ikala miaka. Bodi yangu haikuwahi kuingia mradi mkuu, kwa hiyo kuhama nahama peke yangu, jioni jioni, baada ya kazi inayolipa kodi ya nyumba.

Katika kuhama nilikosea herufi moja kwenye jina la chaguo. Hapo ndipo lugha ya C inaponikera. Andika #ifdef (“kama jina hili lipo”) na jina lisilokuwepo, kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haigombi. Inachukulia kwamba hukutaka, inaruka mistari yote iliyo chini, inakukabidhi faili safi kabisa. Iliyorukwa ndiyo iliyokuwa ikifungua mlango wa seriali. Bodi huenda ilikuwa ikiongea muda wote, mdomo umezibwa.

Nikarekebisha herufi, ikatema mstari wake wa kwanza: toleo, tarehe, saa.

Nilipoendelea kufuta yale mabaki nikawa mwoga. Najenga kabla ya kugusa, najenga baada ya kugusa, nalinganisha sha256, namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili kama alama yake ya kidole. Kama ni usafi mtupu, namba lazima zifanane. Hazikufanana. Nikafuatilia mstari mmoja mmoja, nusura nirudishe takataka zote, mpaka nikaukumbuka ule mstari wa kwanza: U-Boot hujipiga muhuri wa saa ya kujengwa, na wa namba ya git, kitunza historia ya msimbo, pia. Wa saa nikaugandisha kwa SOURCE_DATE_EPOCH, wa git nikauzima kwa CONFIG_LOCALVERSION_AUTO. Namba zikalingana, tarakimu kwa tarakimu.

Mama, aliyekuja kutoka Voi kunitembelea, akatoka chumbani saa nane akanikuta nacheka peke yangu.

“Imepona, mwanangu?”

“Nimefuta mistari 240, Mama. Na hakuna kilichobadilika hata kidogo!”

Akanitazama, akatazama kioo.

“Basi si ungelala tu,” akasema, akaenda kunipashia chakula.