Picha zilivyonizoesha na ndugu wa upande wa baba

Mimi nimekulia kwa upande wa mama, ndugu wa baba nilikuwa nawasikia majina tu. Nilipoanza kwenda kwao nishakuwa mtu mzima, salamu zikiisha tunabaki kutazamana. Kilichonisaidia ni picha, na sisemi zile za kujipanga mstari, hizo unapigwa na unaondoka mgeni vilevile.

Nilianza na za zamani. Nikamuomba shangazi, akatoa bahasha kubwa imechakaa, nikamwambia shangazi naomba nizipige kwa simu zisije zikapotea. Tukakaa karibu na dirisha, jua lisipige moja kwa moja, flashi nimezima maana inamulika karatasi sura hazionekani, na simu naishika juu yake sawasawa isiinamie upande. Hiyo kazi inaenda polepole na uzuri wake ndio huo, kila picha akiishika anaanza, huyu fulani, huyu marehemu, hapa baba yako kanuna kwa sababu ya viatu, ni vya kaka yake vinambana, na kweli ukitazama vizuri unaona vidole kavikunja. Baba akiwa mtoto nimemjua siku ile jamani. Majina tukaandika nyuma, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza, wino unaweza kupenya ukatokea mbele.

Binamu mmoja hapendi kabisa kupigwa picha. Nikampa kamera apige yeye, tena baadaye ndio ananiita, hebu njoo uone hii! Asiyetaka kupigwa aachwe hata kama ni ndugu, na za watoto waulize wazazi kwanza kabla hujarusha popote.

Halafu zirudishe kwa wenyewe, naona hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Nyingine nilisafisha nikawapelekea mkononi, nyingine nikaweka kwenye grupu la familia, nazituma kama dokumenti maana ukituma kawaida WhatsApp inazibana ubora unashuka. Baba mkubwa, ambaye meseji zangu alikuwa hajibu, akatuma sauti ndefu kwamba jina moja tumekosea, shangazi akakataa, wakabishana mpaka usiku na mimi nipo katikati nauliza maswali. Yule mwenye kofia bado hawajakubaliana ni nani, wameniagiza nikienda tena nimsafishe kwa saizi kubwa wakae wamwangalie vizuri.