Pedali ya breki ya titani: nilivyoipigia hesabu nikiwa Tanga

Pikipiki yangu ni ya Kijapani, ya zamani, cc 250, na spea zake hazifiki tena Tanga. Nakaa Raskazone, upepo wa bahari unaingia mpaka jikoni, kwa hiyo kutu tunaishi nayo. Pedali ya breki ya nyuma ililika pale inapopita pini hadi ikawa inacheza, na breki si kitu cha kuvumilia.

Ndipo nikafuatilia titani, metali nyepesi, ya kuchapishwa: mashine inajenga kifaa kizima tabaka kwa tabaka kutoka mchoro wa kompyuta. Kilichonivuta si wepesi: maji ya chumvi hayaili titani.

Nilipima pedali kwa venia, kipimo cha kubana cha milimita, nikaichora kwenye kompyuta. Rafiki yangu wa Dar ana mashine ndogo ya kuchapa plastiki. Akanichapia, ikaja na basi. Nilipoifunga niliona buti linakwaruza kava la injini, nikainua ncha kwenye mchoro, akachapa nyingine. Hatua hii ni ya bei ndogo na namshauri kila mtu aanze nayo. Ila usiache PLA, aina ya plastiki ya kuchapia, juani: ikikaribia nyuzi 60 inalegea.

Mchoro ukaenda kwa wachapaji wa nje. Bei ilizidi laki nane, bado usafiri na ushuru. Nikauliza fedha inakwenda wapi. Unga wa titani hutandazwa tabaka kwa tabaka, unene wa milimita 0.03 hadi 0.06, leza ikiyeyusha kila tabaka ndani ya gesi ya agoni, maana titani ya moto ikinywa oksijeni hukosa ustahimilivu na kukatika. Kisha kifaa kinapashwa moto kutoa mkazo, kinakatwa kutoka sahani kilipojengewa, na vishikizi vilivyokishikilia wakati wa kuchapa vinabanduliwa. Tundu la pini bado linataka kukerezwa. Na uso unaotoka mashineni unaparuza. Ufa huanzia humo, kwa hiyo pedali ya breki lazima isuguliwe vizuri. Mashine yenyewe ni sehemu tu ya bei.

Wepesi nao? Titani ni kilo 4.43 kwa lita, chuma 7.85. Pedali ya gramu 400 ingeshuka hadi kama 225. Gramu hizo 175 ni pungufu ya robo lita ya petroli! Mwaka 2018 Bugatti, watengenezaji wa magari, walichapa kalipa ya breki (kile kinachobana pedi) ya titani ya kilo 2.9 mahali pa ile ya alumini ya kilo 4.9, tena kwa saa 45 za mashine. Pale umbo lenye matundu na mbavu za ndani linahalalisha gharama. Pedali yangu ni kipande kilichopinda chenye tundu.

Nikaenda Ngamiani kwa fundi wa kukereza.

"Shikamoo mzee. Naomba pedali kama hii ya plastiki, isiyoshika kutu."

Akaigeuza mkononi. "Marahaba. Niletee stenlesi ya boti, ile 316. Hii plastiki niachie, ndiyo kipimo changu."

Alikata, akachomelea, akakereza tundu na kuweka bushi ya shaba. Vyote, pamoja na plastiki mbili, havikufika hata robo ya bei ya titani. Ni nzito kidogo kuliko ya zamani, lakini haichezi, na tundu nalipaka grisi kila ninapoosha cheni. Mwenzangu wa Pangani mwenye pikipiki kama yangu nimempa mchoro; fundi wake ameshaanza kukata.