Mashine ya kuchagua kahawa, wiki ya tisa: picha zimeacha kuyumba

Ninaunda mashine inayopiga picha punje za kahawa zikipita kwenye ukanda, kisha programu inatambua zilizo mbovu. Usiku wa kuamkia leo, picha 200 za mfululizo zimetoka zikiwa na mwangaza mmoja. Kwa wiki tatu hapa Moshi nimeshindana na tatizo hilohilo: punje ileile ya kahawa, chini ya taa ileile, ilionekana angavu katika picha moja na ya kijivu katika picha iliyofuata, na programu ikaihukumu kuwa mbovu.

Nilianza kwa kuilaumu triga, yaani ishara inayoiamuru kamera ipige picha. Niliiondoa kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo mfumo wake endeshi, Linux, huchelewesha ishara kwa muda usiotabirika, nikaikabidhi Pico, kidhibiti kidogo kinachotoa ishara kwa wakati kamili. Punje zikatulia katikati ya picha, lakini mwangaza ukaendelea kuyumba. Ndipo niliposimamisha ukanda, nikaweka punje moja, nikaiamuru kamera ipige picha kila baada ya milisekunde 200 kamili. Safari hii mwangaza haukurukaruka, bali ulipanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala. Nilijionea aibu. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa yangu ya bei nafuu hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, nami nilikuwa nikifungua shata (mlango wa mwanga wa kamera) kwa milisekunde 1, yaani sehemu ya kumi tu ya mzunguko huo, popote itakapoangukia. Milisekunde 200 ni mizunguko 20 kamili ya taa, hivyo ule mwendo wa polepole ulitokana na gridi kutokuwa hezi 50 barabara.

Kufungua shata kwa milisekunde 10 kungeondoa kuyumba, lakini ukanda huenda nusu mita kwa sekunde, hivyo punje ingejiburuta milimita 5 ndani ya picha moja, karibu nusu ya urefu wake. Kwa hiyo nimeiacha kabisa taa inayotumia umeme wa ukutani. Sasa taa za LED zinatumia betri ya volti 12 na kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi umeme na kuutoa kwa haraka) iliyo karibu nazo. Shata hufunguka kwa mikrosekunde 300, na ndani ya muda huo taa huwaka kwa mikrosekunde 100. Punje husogea milimita 0.05, ambayo kwangu ni nusu ya pikseli, yaani nukta moja ya picha. Kwa kuwa LED hupumzika muda mwingi, nimeweza kuzipa mkondo mkubwa kuliko unaoruhusiwa zikiwaka mfululizo. Haya yote yanahitaji kamera ambayo pikseli zake zote hufunguka kwa pamoja. Zile zinazosoma mstari baada ya mstari zingeleta picha yenye kipande cha mwanga na kipande cha giza. Nikiri pia kwamba nilinunua lenzi ya gharama kabla ya osiloskopu, kifaa kinachoonyesha jinsi umeme unavyobadilika kila wakati, na huo ulikuwa upumbavu.

Nilipanga wiki hii nifunge vali ya hewa ya kupulizia punje mbovu. Bado imo kwenye boksi lake, kwa sababu mama mdogo, aliyezoea kuchagua kahawa kwa ungo, alitazama picha zangu akaniuliza, "Mwanangu, na zile zinazonuka utazijuaje, maana kwa macho ni kama nzima?" Nikakumbuka kwamba baadhi ya punje hizo hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Nimekwisha kuagiza LED za nanomita 365, na Pico ina pini za kutosha kuwasha taa mbili kwa zamu.