Jinsi Nilivyoacha Kuwa Muuguzi na Kuanza Kuitwa kwenye Mahojiano

Kwa muda wa miezi mitano nilikuwa muuguzi bila mimi mwenyewe kujua. Nilikuwa pia mwanamke, tena mwenye nia ya kuwahudumia wagonjwa kwa huruma na moyo wa kujitolea, na kwa sifa hizo nilikuwa nikiomba kazi ya karani wa stoo katika maghala ya simiti, mabati na mbolea kote Kisumu, na mara mojamoja hadi Kakamega na Nakuru. Nimeamua kuyasimulia haya kwa sababu mdogo wangu amemaliza chuo juzi, na ushauri anaopewa na watu wazima wenye nia njema ni uleule ulionipotezea mimi karibu mwaka mzima.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka minne katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye. Biashara ilipodorora mwenye duka alianza kutupunguza, nami nikawa wa pili kuondoka. Wiki hiyohiyo nilikwenda kwenye saiba moja (duka la intaneti na uchapishaji) pale Kondele, nikamwomba kijana wa pale anitengenezee wasifukazi. Aliniuliza majina, shule nilizosoma na nambari ya simu, akabofyabofya, na baada ya dakika kumi hivi akanikabidhi kurasa nne zenye mpaka wa maua pembeni. Nadhani nililipa shilingi mia mbili na hamsini, bahasha ikiwemo. Sikuusoma. Niliona hakuna haja ya mtu kusoma habari zake mwenyewe.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa Vihiga, alizipima kurasa zile mkononi na kutikisa kichwa. "Mpwa wangu," aliniambia, "bahasha nyepesi humwonyesha mtu mwepesi." Basi nikaongeza nakala za vyeti vyote, kuanzia cha shule ya msingi, cha ubatizo, na kimoja cha kwaya iliyoshika nafasi ya tatu katika mashindano ya kaunti ndogo. Rafiki yangu mmoja akasisitiza niweke picha, dini, kabila, nambari ya kitambulisho na mambo ninayopenda, yaani kusoma magazeti, kusafiri na kukutana na watu wapya. Kila bahasha niliyoituma ilikuwa nene kama mkate, na gharama ya kutoa nakala peke yake ilinila pesa ambazo sasa sitaki hata kuzijumlisha. Nilituma maombi arobaini na kitu. Sikuitwa popote.

Niligundua ukweli kwa simu. Mwanamke mmoja kutoka kampuni ya usafirishaji alinipigia na kuniomba nimpe simu "yule dada mwenyewe aliyeomba kazi." Nilimweleza kwamba aliyeomba ni mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole iwapo nilikuwa nimefanya kazi katika wodi ya kina mama au ya watoto. Nilitoa nakala kwenye mkoba hapohapo, nikiwa nimesimama kando ya kibanda cha M-Pesa pale Nyalenda, nikausoma wasifukazi wangu kwa mara ya kwanza. Kijana wa saiba alikuwa amefungua faili ya muuguzi fulani, akabadilisha majina, shule na nambari ya simu, na mengine yote akayaacha kama yalivyokuwa. Mhudumu wa M-Pesa aliniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Kwa hasira niliamua kuufanya mwenyewe kwenye simu, na hapo nikaingia katika kosa la pili, ambalo lilikuwa la kupendeza macho zaidi. Nilipakua kiolezo chenye safu mbili, rangi ya samawati upande wa kushoto, na ujuzi wangu ukipimwa kwa nyota: Kiswahili nyota tano, kompyuta nyota nne. Niliona fahari kubwa mpaka siku nilipojaribu kuupakia kwenye tovuti ya mwajiri mmoja, ambayo huyasoma maandishi na kujaza fomu yenyewe. Fomu ilijaa maneno yaliyochanganyika kama githeri, cheo changu kikiwa ni "Karani wa Kiswahili nyota stoo." Tangu siku hiyo nina kipimo changu: ninanakili maandishi yote ya wasifukazi, ninayabandika kwenye ujumbe wa WhatsApp na kujitumia mwenyewe. Yakitoka kwa mpangilio unaosomeka, basi huenda hata programu za kuchuja maombi zikayasoma; yakitoka yamevurugika, ninarudi kwenye safu moja na hati ya kawaida, bila jedwali na bila picha.

Lakini lililonifungua macho hasa halikuwa kompyuta. Jirani yangu ni mhazili wa shule moja ya kibinafsi kwenye barabara ya kuelekea Maseno, na walipotangaza nafasi ya msaidizi wa mhasibu walipokea maombi zaidi ya mia tatu. Aliniomba nimsaidie Jumamosi moja kufungua bahasha na kuandika majina kwenye daftari, kwa malipo ya chai, chakula cha mchana na mia tano. Mhasibu wa shule, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, alikuwa ameweka katoni tatu za mafuta ya kupikia chini ya meza: moja ya ndiyo, moja ya la, na ya tatu ya labda. Niliyaona yote kwa macho yangu. Alikuwa akitazama ukurasa wa kwanza tu, kalamu nyekundu ikishuka katikati, na kwa muda usiozidi wa kupuliza kikombe cha chai karatasi ilikuwa imeshatua kwenye katoni yake. Vyeti vya ubatizo hakuvigusa. Kufikia saa nane katoni ya la ilikuwa imefurika, ya ndiyo ilikuwa na watu kumi na mmoja, na ile ya labda haikufunguliwa tena. Jioni mlinzi aliichukua akawashie moto.

Katika lile rundo nilikutana na ndugu zangu. Watu wasiopungua ishirini walikuwa na mpaka uleule wa maua na sentensi ileile ya utangulizi, neno moja likiwa limekosewa mahali palepale. Nilihisi kama mtu aliyevaa sare bila kujua. Nilipomwuliza mama yule anatafuta nini, hakuacha kazi yake, alisema tu, "Kijana wangu, hawa wote wananiambia wana bidii. Bidii ngapi?"

Swali hilo nililibeba hadi nyumbani, na Jumatatu nikarudi Kibuye kwa bosi wangu wa zamani, mzee mkali ambaye sikuwa nimezungumza naye tangu aniachishe. Nilimwomba ruhusa ya kuangalia madaftari ya stoo niliyoyaandika mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyekuja kudai malimbikizo, kisha akaniashiria niingie. Nilikaa juu ya mifuko ya simiti kuanzia asubuhi hadi saa kumi, vumbi likinijaa puani, nikipekua kurasa za miaka minne, na nikamkuta humo mtu ambaye nilikuwa nimemsahau. Nilipoanza kazi, kila msimu wa mvua za Aprili tulikuwa tukitupa mifuko thelathini hadi arobaini ya simiti iliyoganda, kwa sababu ilipangwa sakafuni ikiegemea ukuta unaovuja unyevu, na mizigo mipya ilipakiwa juu ya ile ya zamani, kwa hiyo ya chini haikuuzwa kamwe. Mimi ndiye niliyeomba mbao za kuinulia mifuko, nikaiacha nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani, nikaandika tarehe ya kupokea kwa chaki kwenye kila safu ili iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Msimu uliofuata tulitupa sita. Katika wasifukazi wangu jambo hilo halikuwepo hata kwa neno moja, palikuwa na "mchapakazi mwenye bidii."

Sikuwahi kuliona kuwa ni sifa, kwa sababu lilikuwa ni jambo la kila siku, na ninaamini hapo ndipo wengi wetu tunapojinyima. Niliandika hivi: nilipokea na kutoa wastani wa mifuko mia sita ya simiti kwa wiki, nilipunguza iliyoharibika kutoka thelathini na zaidi hadi sita kwa msimu kwa kuiinua juu ya mbao, nilihesabu mali kila mwisho wa mwezi, na tofauti kati ya daftari na ghala haikuzidi vipande vichache vya bomba na misumari. Mzee alivisoma kwa makini, akanisahihisha tarakimu moja iliyokuwa imenipendelea, akakubali kuwa mrejelewa wangu, yaani mtu ambaye mwajiri anaweza kumpigia kuulizia habari zangu. Jambo hilo lilinikumbusha kuwapigia na wale warejelewa wengine wawili. Nambari ya mchungaji wangu wa zamani ilipokewa na mama mmoja wa Siaya, ambaye alinieleza kwa Kijaluo, bila kupunguza makali, kwamba amechoka kuulizwa tabia ya mtu asiyemjua. Kumbe wapo waliojaribu kupiga!

Wasifukazi mpya ulikuwa na kurasa mbili. Kazi ya mwisho ilitangulia, elimu ikafuata, dini na kabila na hali ya ndoa nikaviondoa, na kwaya nikaiacha ipumzike. Kwa kila tangazo nilibadilisha mistari mitatu ya mwanzo ili itumie maneno ya mwajiri mwenyewe, kwani anayetafuta "msimamizi wa ghala" hatamtambua upesi mtu anayejiita "karani wa stoo" hata kama kazi ni ileile. Faili niliipa jina langu na jina la kazi, hapo awali ilikuwa ikiitwa "mpya ya mwisho 3." Anwani yangu ya baruapepe, ambayo niliifungua nikiwa kidato cha tatu na ambayo sitaitaja, niliistaafisha. Wimbo wa Skiza pia niliutoa. Nilikuwa nimeweka ohangla kali, na ninapofikiria afisa wa ajira akisubiri nipokee simu huku ngoma zikimpigia masikioni, bado ninaona aibu.

Kuhusu vyeti vya kibali, hapo ninaomba niseme kwa uchungu. Niliambiwa na kila mtu kwamba bila cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, kibali cha ushuru, cha mkopo wa elimu na kile cha taasisi za mikopo, sitatazamwa. Nilivitafuta vyote mapema, nikamaliza elfu kadhaa, na vingine vilipitwa na wakati kabla sijaketi mbele ya jopo lolote. Sheria ya ajira ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri anapaswa kuviomba vyeti hivyo pale tu anapokusudia kukuandika kwa mkataba. Heri pesa hizo ningelipia nauli. Na yule wakala aliyeniitisha elfu tatu na mia tano za "usajili" ili jina langu lipelekwe kwa mwajiri asiyetajwa, nilimpa elfu moja kabla akili hazijanirudia. Nambari yake haijapatikana tena.

Namna ya kutafuta niliibadilisha pia. Badala ya kurusha maombi kila upande, nilichagua sehemu kumi na tano hivi zenye maghala, nyingine nikizijua kwa kupita Barabara ya Obote kwa miguu na kusoma mabango ya malangoni, nyingine kwa kuwauliza madereva wa malori waliokuwa wakituletea mizigo Kibuye. Madereva wanajua stoo gani imeachwa na karani wake kabla tangazo halijaandikwa. Nilikuwa na daftari la shilingi hamsini: tarehe niliyotuma, nani alipokea, siku ya kupiga simu kuulizia. Nilipiga baada ya wiki moja, mara moja tu, asubuhi kati ya saa nne na saa tano, kabla watu hawajaanza kufikiria chakula.

Katika maombi hayo kumi na tano niliitwa kwenye mahojiano sita. Ya kwanza niliyaharibu kwa kusema sana, ya pili yalikuwa Nakuru na mshahara haukutosha hata kodi ya chumba cha kule, na katika ya tatu mwenyekiti wa jopo aliweka kidole kwenye ule mstari wa simiti, akaniuliza, "Hizo mbao ulizipanga vipi?" Nilimchorea kwenye karatasi. Hatukuzungumza kuhusu jambo jingine kwa robo saa nzima, na mwezi uliofuata nilianza kazi.

Mwezi Juni mwaka huu kampuni ilitafuta mpishi wa kantini, nami nikaombwa kusaidia kupanga maombi. Bahasha ya tisa au ya kumi ilikuwa ya dada mmoja wa Manyatta, na mstari wake wa kwanza ulisema kwamba alipunguza mifuko ya simiti iliyoharibika kutoka thelathini na zaidi hadi sita kwa msimu. Nilikumbuka kwamba wasifukazi wangu mpya niliuchapishia kwenye saiba ileile ya Kondele, na faili sikuifuta. Nilitoka nje nikampigia simu, nikamwuliza kwa adabu iwapo amewahi kufanya kazi ya stoo.

"Stoo ya nini?" akauliza. "Mimi ninapika chapati."

Nilimwuliza anapika ngapi kwa siku. Alisema mia nne, peke yake, na zote huisha kabla ya saa saba. Nilimwomba aandike hivyo hivyo alivyoniambia, na alete karatasi nyingine kabla ya Ijumaa.