Siku moja maishani mwangu: kutembeza wageni Lamu

Saa kumi na mbili asubuhi. Nashuka pwani kuangalia maji kabla ya kumpigia mgeni. Leo bamvua, siku ya maji makuu: yatajaa mnamo saa kumi alasiri, na yakijaa njia ya ufukweni ya kwenda kijiji cha Shela humezwa. Kwa hiyo tutaondoka mapema.

Saa mbili. Mahamri na mbaazi, kisha Njia Kuu. Mgeni wangu ni mama mmoja muuguzi kutoka Atlanta, Marekani. "Simila, simila!" Punda aliyebeba mawe anapita, tunabanana ukutani. Anacheka, anasema kwao sasa kuna njia ya miguu isiyo na magari, ila hata punda hamna.

Saa nne. Maji yametoka, tunatembea ufukweni, naye ananisimulia. Reli za mizigo ziliuzunguka mji wao. Viwanda vilipohama zikabaki magugu na chuma. Mwaka 1999 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Ryan Gravel, akaandika tasnifu: ziungwe ziwe pete ya kilomita 35 hivi, tramu, yaani treni ndogo ya mjini, ipite humo. Tramu ingali inasubiriwa. Lakini njia ya waendao kwa miguu na baiskeli ilianza kujengwa, na kipande cha mashariki kikafunguliwa 2012. Wanaiita BeltLine. Maghala yaliyoipa reli kisogo yakatoboa milango upande huo, yakawa mikahawa.

"Na waliokuwa wakikaa hapo, mama?"

Akanyamaza kidogo. Kodi zilipanda, jirani zake wengi wakahama. Mwaka 2016 Gravel mwenyewe alijiuzulu katika bodi ya shirika linalochangisha fedha za mradi, akilalamika kwamba nyumba za watu wa kipato cha chini hazipewi uzito. Hapo ndipo nilipompenda huyo bwana. Mwenye wazo kukiacha kiti chake si jambo dogo.

Saa sita, Shela. Adhuhuri, kisha samaki wa nazi. Namwonyesha majumba meupe yaliyonunuliwa na wageni. Hapa haikuhitajika reli, ufukwe ulitosha. Kijana wa Shela leo akitafuta kiwanja karibu na bahari atatafuta sana. Mimi binafsi ningependa njia imara ya kutembea toka Mkomani, kule mjini Lamu, hadi huku, isiyozamishwa na bamvua. Ila kabla ya jiwe la kwanza ningeuliza viwanja vya nyuma yake vimeandikwa jina la nani.

Saa tisa. Anataka kurudi kwa miguu. Nakataa, tunapanda mashua.

Baada ya Isha, barazani, nawasimulia wazee habari za reli hiyo. Mmoja anaweka kikombe chini: "Njia ikipita mlangoni kwangu, nauza nyumba, nahamia Hindi, kule bara ya Lamu, nikalime."

"Na mkeo umemwuliza?"

"Nyumba ni yake," akasema, wenzake wakaangua kicheko.