Siku nilipotaka kuuza gari langu ndipo nilipojua liliwahi kugongwa

Fundi aliyeletwa na mnunuzi hakuomba ufunguo. Aliomba boneti ifunguliwe, akainama juu ya fenda ya kushoto, lile bati la bodi juu ya gurudumu la mbele, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kichwa cha bolti, kisha akaniita. "Mwanangu, njoo uone hapa." Kona za bolti zilikuwa zimechubuka, rangi imebanduka pale spana iliposhika, na kando ya washa, ile pete ya chini ya bolti, kulikuwa na mwezi mwembamba wa rangi nyingine, maana yake bolti haikurudi pale pale ilipotoka. Akanipeleka upande wa kulia. Bolti zile zile, zimefunikwa na rangi moja na bodi, hazijaguswa tangu kiwandani.

"Hili limegongwa," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Na halikuguswa kidogo."

Nilikuwa nimeliendesha gari hilo karibu miaka miwili. Nililinunua kwa furaha, rangi inameta, injini inanguruma vizuri, viti safi. Nilimuuliza aliyeniuzia swali ambalo kila mtu huuliza: umewahi kugonga? Akanijibu hapana, tena akiniangalia usoni. Nikalizungusha barabarani nusu saa, nikalipa.

Dalili zilikuwepo. Tairi la mbele kushoto lilikuwa linalika upande wa ndani, nikafanya alaimenti mara tatu na kila mara tatizo linarudi baada ya wiki chache. Taa ya mbele upande huo huo ilikuwa inaingiza ukungu wakati wa mvua. Plastiki yake ilikuwa nyeupe safi ilhali ya kulia imeanza kuwa ya njano, na mimi nikaona ni bahati, taa moja imedumu. Sikuziunganisha hizo habari tatu hata siku moja.

Mzee yule aliendelea. Alitoa sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, akaitembeza juu ya fenda. Kulia ilishika. Kushoto, karibu na tao la gurudumu, iliteleza na kuanguka kiganjani mwake: pale palikuwa na puti, ule udongo wa kuziba mabonde kabla ya kupiga rangi, nene kuliko bati. Baadaye gereji nyingine ilipima kwa kile kifaa cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwenye magari mengi husoma kati ya mikroni 80 na 180 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Mlango wangu wa kulia ulisoma 110 na kitu. Fenda ya kushoto ilipita 900. (Sumaku haikusaidii kwenye bampa ya plastiki wala bodi ya alumini. Huko ni jicho na kidole, na kuangalia kama kuna rangi iliyorukia kwenye mipira ya milango.)

Lakini kilichonikata maini hakikuwa rangi. Mzee alikaa kwenye kiti cha dereva, akageuza swichi bila kupiga stata, akaniambia nihesabu taa za dashibodi. Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kukukinga wakati wa ajali, hutakiwa kuwaka ukiwasha swichi, ikae sekunde chache, kisha izime. Hivyo ndivyo mfumo unavyojipima. Yangu haikuwaka kabisa. Miaka miwili sikuwahi kuiona ikiwaka na sikuwahi kujiuliza, kwa sababu sote tumezoea kuogopa taa inayowaka, si taa isiyowaka. Kuna watu hutoa balbu yake, au huiunganisha na taa nyingine, ili gari lenye eabegi zilizofyatuka lionekane zima.

Akavuta mkanda wa dereva hadi mwisho, akasoma lebo iliyoshonwa chini. Mikanda mingi ina tarehe ya kutengenezwa. Wa dereva ulikuwa mpya kwa miaka 4 kuliko gari lenyewe. Wa abiria ulikuwa wa asili, ila ukiuachia haurudi wenyewe, unabaki umelegea kama kamba. Ajali kubwa hufyatua kifaa kinachokaza mkanda, na kikishafyatuka hakifanyi kazi tena hadi kibadilishwe. Upande ule ndiko mke wangu alikuwa anakaa. Mtoto nyuma yake.

Mnunuzi aliondoka bila maneno mengi, na sikumlaumu.

Jioni ile dalali wangu akanipigia. Aliniambia nisihangaike, atanitafutia mtu asiye na fundi. "Kaka, na wewe uliuziwa hivyo hivyo." Nataka niseme ukweli, maneno yale yalinivuta. Nilikuwa nimeumia, na mtu aliyeumia huona ana haki ya kurudisha hasara yake popote. Lakini kila nilipojaribu kumfikiria huyo mtu asiye na fundi, nilimwona amekaa kwenye kile kiti cha abiria, mbele ya eabegi ambayo haipo. Nikamwambia dalali tangazo alitoe kwanza.

Nilimrudia aliyeniuzia. Alishtuka kweli, au aliigiza vizuri sana, mpaka leo siwezi kuapa. Alisema yeye hajawahi kugonga, na baadaye nikaja kuamini hilo: gari liligongwa kwa mwenye nalo kabla yake. Yaani alinijibu sawasawa na nilivyouliza. Swali langu lilihusu mikono yake, halikuhusu gari. Na nililiuliza kwa mdomo, hakuna karatasi, hakuna ujumbe, hakuna chochote cha kushika. Hapo nilijilaumu kuliko nilivyomlaumu yeye.

Siku hizi siulizi "umewahi kugonga". Nauliza kwa ujumbe ulioandikwa: ni sehemu gani za gari hili zimewahi kubadilishwa, kunyooshwa au kupigwa rangi, na wewe au na mtu mwingine kabla yako, kwa kadiri unavyojua? Kisha nasubiri. Mwenye gari safi hujibu ndani ya dakika chache, mara nyingi kwa kujisifu. Mwenye jambo huanza kuniambia kuna wateja wengine njiani.

Baada ya hapo nililipeleka gari gereji inayopima chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Liliwekwa juu ya lifti, vipimo vikachukuliwa kwa kukingama, kutoka pointi ya mbele kushoto hadi nyuma kulia na kinyume chake. Gari zima hutoa namba zinazokaribiana sana. Langu lilipishana milimita 9. Bomba la chesisi la mbele kushoto lilikuwa limevutwa na kuchomelewa, na chini ya rangi nyeusi ya kuzuia kutu ungeweza kuona mchomelea ameacha mstari mmoja mrefu wenye mawimbi, mahali ambapo kiwanda huacha vidoti vidogo vya duara vilivyopangwa kwa nafasi sawa. Hivyo vidoti sasa navitafuta kwenye kila gari, kwenye kingo za boneti, sakafu ya buti chini ya tairi la akiba, na mizizi ya nguzo za milango. Gundi ya kiwandani kwenye maungio hutoka laini na sawa. Ya mtaani huwa na alama za kidole.

Kule mbele kuna sehemu iliyoumbwa ijikunje ili nguvu ya mgongano iishie pale isifike kwa watu. Ikishakunjwa na kunyooshwa kwa moto, chuma hakirudi kama kilivyokuwa. Fundi aliniambia wazi kwamba anaweza kunirudishia usawa wa matairi, lakini hawezi kuniapia kwamba siku nyingine bomba lile litajikunja pale linapopaswa. Nilimshukuru kwa kutoniongopea.

Nikaamua kutengeneza kile kinachogusa uhai, na kutofuta kile kinachoeleza historia. Bomba lilikatwa mahali kiwanda kinaporuhusu, likawekwa jipya. Nilibadilisha pia eabegi mbili, mikanda, na kompyuta ya eabegi, kwa kuwa ajali ikishatokea kompyuta ile huitunza kumbukumbu na mara nyingi haikubali kazi tena. Kila hatua nilipiga picha, kabla na baada. Fenda sikuigusa. Ingependeza ikinyooshwa upya, ila nilitaka anayekuja aione kama nilivyoiona mimi.

Nilijaribu pia kutafuta kumbukumbu za gari kwa namba yake ya chesisi. Zilitoka safi. Watu wengi hawalielewi hili: ripoti huonyesha kile tu mtu alichokiripoti. Ajali iliyolipwa mfukoni, bila bima wala polisi, haiachi alama popote isipokuwa kwenye bati. Ripoti chafu inatosha kukukimbiza, ripoti safi haitoshi kukutuliza. Hata magari ya minada ya Japani, ambayo huja na karatasi ya ukaguzi, yanataka jicho. Daraja R au RA juu ya karatasi hiyo maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa, W kwenye mchoro ni sehemu iliyorekebishwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Lakini karatasi hughushiwa, kwa hiyo mimi huitafuta mwenyewe kwa namba ya chesisi, siipokei kutoka mkononi mwa muuzaji. Na hata ikiwa halisi, inaeleza gari lilivyokuwa siku ya mnada tu.

Kisha nikaandika tangazo. Sentensi ya pili ilisema gari limegongwa mbele kushoto, na picha ya tatu ilikuwa bomba lililochomelewa. Bei niliishusha karibu robo chini ya magari ya aina yake. Wiki mbili simu haikulia. Wiki ya tatu wakaanza kuja wale wanaotaka kushusha zaidi, wakidhani nina shida. Wawili walinishauri kwa nia njema nifute ile picha. Mmoja alisema yeye angelinunua, angelipiga rangi, na angeliuza bila kusema, nikakataa kumuuzia. Wapo watakaoona huo ni ukaidi. Mimi nilikuwa nimetumia pesa na usingizi ili mnyororo ule uishie kwangu.

Mwezi wa pili alikuja dada mmoja, peke yake, na tochi na kipande cha boksi. Alitandika boksi chini, akaingia chini ya gari na kukaa huko muda mrefu kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Alipotoka aliomba ripoti ya vipimo, akaisoma kurasa zote mbili amesimama. Aliniuliza swali moja tu: kwa nini fenda sijaitengeneza? Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia magari yote mengine aliyoyaona wiki ile yalikuwa "hayajawahi kuguswa", na hakuna mwenye gari hata mmoja aliyekubali aingie chini.

Tulikubaliana bei nikamwondolea kidogo. Kwenye mkataba aliomba niandike kwa mkono, juu ya sahihi zetu, kwamba gari liligongwa mbele kushoto kabla sijalinunua, na kwamba eabegi na mikanda vimebadilishwa. Niliandika, nikaambatanisha picha zote. Mimi pia nilikuwa naihitaji ile sentensi, ili kesho asije mtu kudai nilificha.

Nilimpa ufunguo. Akakaa, akageuza swichi bila kupiga stata, akatulia. Taa ya eabegi ikawaka, akaihesabia sekunde kwa midomo, ikazima. Ndipo akavuta mkanda, akaufunga, na kuwasha injini.